Kuhoji usalama wa vibao vya lugha mbili si dhambi, ila swali lina masharti yake



Humu ndani tumekuwa tukibishana sana juu ya jambo moja: mpinzani akihoji usalama wa mradi wa umma, je, ametimiza wajibu wake au anatafuta kiki? Wapo wanaosema kazi ya upinzani ni kuhoji, basi tuhoji kila kitu. Wapo wanaosema tukihoji kila kitu wananchi watatuchoka na siku yenye hatari ya kweli hakuna atakayetusikiliza. Mimi leo sitaanza na mradi wowote wa hapa nyumbani. Nataka tuende mbali kidogo, New Zealand, kwa sababu mfano wa mbali una faida yake: hakuna kati yetu mwenye kadi ya chama kule. Tunaweza kuangalia bila kushangilia timu.

Kisa chenyewe ni vibao vya barabarani.

Nini kilitokea

Mwezi Mei 2023 wakala wa barabara wa New Zealand, unaoitwa Waka Kotahi, ulitangaza mpango wa kuweka vibao vya lugha mbili, Kimaori na Kiingereza. Ulitoa mapendekezo ya vibao 94 na kuwaita wananchi watoe maoni hadi mwisho wa Juni. Kabla ya hapo vilishaanza kuruhusiwa vibao vya shule vyenye neno la Kimaori na la Kiingereza pamoja. (Shule kwa Kimaori ni "kura". Najua mtacheka, na mimi nilicheka.)

Wakati ule chama cha National kilikuwa upinzani. Msemaji wake wa uchukuzi, Simeon Brown, akasimama kupinga. Hoja zake zilikuwa kama tatu hivi zilizofungwa kwenye furushi moja. Kwanza, maneno yakiwa mengi kwenye kibao dereva atachanganyikiwa. Pili, watu wote nchini wanaongea Kiingereza, kwa hiyo vibao viwe vya Kiingereza. Tatu, wakala ule ungefanya vizuri zaidi kuziba mashimo barabarani.

Hebu muone namna tunavyofanana. Hiyo ya mashimo ni kama imetoka kwenye mkutano wetu wa kata.

Moto ukawaka. Waziri Mkuu, Chris Hipkins, aliiona kauli ile kuwa ni ujumbe wa mafumbo wa kuchezea hisia za watu kuhusu Wamaori, wala si hoja ya barabara. Wengine hawakutumia mafumbo, walisema wazi kwamba ni ubaguzi wa rangi. Upande wa pili nao ukajibu kwamba siku hizi mtu haruhusiwi hata kuuliza, ukiuliza tu unaitwa mbaguzi. Siku zikapita watu wakijibizana hivyo: mbaguzi, mnyanyasaji, mbaguzi, mnyanyasaji. Swali lenyewe, kwamba je, dereva anapata shida kusoma lugha mbili akiwa kwenye mwendo, likabaki pembeni kama abiria aliyeachwa stendi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Maana swali lile lina jibu. Lilikuwa na jibu hata kabla halijaulizwa.

Swali si la kijinga

Nianze kwa kumtendea haki aliyeuliza. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, linakata karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akiondoa macho barabarani kwa sekunde mbili asome kibao, ameshasafiri zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira bila kuangalia mbele. Kwa hiyo mtu anayeuliza "mkiongeza maneno, mnaongeza hatari?" hajauliza upuuzi. Mhandisi yeyote wa barabara anatakiwa aulize swali hilo kabla hajaweka kibao chochote, cha lugha yoyote. Ndiyo sababu Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani ulitilia mkazo michoro na maumbo kuliko maneno: picha ya mtoto anayevuka inaeleweka na anayejua kusoma na asiyejua, mwenyeji na mgeni.

Sasa, majibu yapo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa kifaa cha kuigiza udereva. Walitaka kujua vibao vya lugha mbili vinamfanya nini dereva. Walichokuta kinavutia sana. Kibao cha lugha mbili chenye mistari miwili hakikuvuruga uendeshaji. Kibao chenye mistari minne kilimfanya dereva apunguze mwendo na kuacha nafasi kubwa zaidi na gari la mbele. Lakini, na hapa ndipo penye utamu, kibao cha mistari minne cha lugha MOJA nacho kilimfanya apunguze mwendo. Yaani tatizo kubwa linatokana na wingi wa mistari. Ukiandika gazeti la Kiingereza kitupu juu ya nguzo, dereva atahangaika vilevile.

Watafiti wale hawakusema basi wekeni tu vibao mnavyotaka. Walionyesha kwamba dereva huenda anasoma hata yale maneno asiyoyahitaji, kwa hiyo anayebuni kibao awe mwangalifu, maneno yawe machache na lugha zitofautishwe vizuri. Hilo ni jibu la mtu mzima. Halisemi hakuna hatari, wala halisemi ni balaa. Linasema hatari iko wapi na unaidhibiti vipi.

Kisha Scotland. Kule walikuwa na mjadala huohuo kuhusu vibao vya Kigaeli na Kiingereza kwenye barabara kuu ya A9. Serikali ikaagiza utafiti, na ripoti ikatoka mwaka 2012. Ilikubali kwamba kibao cha lugha mbili kinaweza kuongeza kidogo mzigo wa dereva. Ikaongeza kwamba madereva wanaonekana kuumudu mzigo huo, au kuufidia kwa kupunguza mwendo, na kwenye takwimu za ajali hakuna mabadiliko yaliyoweza kuonekana.

Kwa hiyo mwaka 2023, msemaji wa upinzani kule New Zealand alipouliza, utafiti wa Leeds ulikuwa na miaka 18 na ripoti ya Scotland ilikuwa na miaka 11. Vyote viko hadharani. Swali halikuwa kosa. Kosa ni kulirudia kila siku kana kwamba halijawahi kujibiwa.

Hatari ya kweli ilijitokeza wapi

Nchi yenye uzoefu mrefu wa jambo hili ni Wales. Kule vibao vya Kiwelshi havikuletwa kwa ukarimu wa serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa chama cha kutetea lugha kiitwacho Cymdeithas yr Iaith Gymraeg walikuwa wakipaka rangi vibao vya Kiingereza kitupu. Walishtakiwa, na wapo waliofungwa. Mwaka 1972 kamati iliyoongozwa na Roderic Bowen ikapendekeza vibao viwe vya lugha mbili, na Kiwelshi kiwe juu. Leo ukivuka mpaka kuingia Wales unakutana na neno ARAF limechorwa barabarani pamoja na SLOW, na maisha yanaendelea.

Lakini mimi siwezi kuwaambia kwamba Wales hakukuwa na tatizo lolote la usalama. Lilikuwepo. Sikilizeni.

Mwaka 2006, mjini Cardiff, kiliwekwa kibao cha muda kwa ajili ya waenda kwa miguu. Kwa Kiingereza kiliwaambia watazame kulia. Kwa Kiwelshi kikawaambia watazame kushoto. Nchi ile magari yanapita kushoto kama kwetu. Fikiria mtu anayeamini lugha yake, anatazama kushoto kwa utii, anaweka mguu barabarani, gari linatokea kulia. Hiyo sasa ni hatari, tena ya kufa mtu.

Mwaka 2008, Swansea, halmashauri ilitaka kibao cha kuzuia malori makubwa yasiingie eneo la makazi. Ofisa akatuma maneno ya Kiingereza kwa barua pepe kwa mfasiri. Jibu likarudi kwa Kiwelshi. Likapelekwa kwa mchoraji, likachapwa, likasimikwa barabarani. Kumbe lile jibu lilikuwa la kompyuta, la moja kwa moja, lenye maana ya: sipo ofisini kwa sasa, tumeni kazi yoyote ya kutafsiriwa. Dereva wa lori anayesoma Kiwelshi alifika pale akaambiwa na barabara kwamba mfasiri hayupo ofisini.

Dunia nzima ilicheka, na kucheka ni haki. Ila baada ya kucheka tujiulize: kilichokosekana ni nini? Hakuna utafiti wa macho ya dereva ambao ungekamata makosa haya. Yangekamatwa na mtu mmoja tu anayesoma lugha zote mbili, akipewa dakika tano kabla kibao hakijaenda kiwandani. Kwenye ofisi zile lugha ya pili ilichukuliwa kama pambo, kitu cha kujaza nafasi ili sheria itimie. Pambo halikaguliwi. Kibao kinachoongoza uhai wa watu kinakaguliwa.

Kwa hiyo kama kuna swali la usalama ambalo mpinzani wa New Zealand alipaswa kulipigia kelele mwaka 2023, mimi naona ni hili: nani anahakiki? Vibao vyote 94, kila kimoja kimesomwa na nani, kimejaribiwa na madereva gani, kina mistari mingapi, herufi zina ukubwa gani? Hayo ni maswali ambayo serikali ingelazimika kuyajibu kwa karatasi. Badala yake likaja "sote tunaongea Kiingereza". Hiyo siyo hoja ya usalama, jamani. Ni hoja kuhusu nani anastahili kuonekana barabarani na nani akae nyumbani na lugha yake.

Waliokasirika nao walikuwa na sababu

Msomaji anaweza kuniambia: basi wale waliosema ni ubaguzi walikuwa sahihi, kwa nini unawalaumu?

Siwalaumu kwa kukasirika. Historia inawapa haki ya kukasirika. Vizazi vya watoto wa Kimaori walichapwa shuleni kwa kuongea lugha ya mama zao. Mwaka 1972 Wamaori walipeleka bungeni maombi yenye saini zaidi ya 30,000 wakitaka lugha yao ifundishwe. Mwaka 1986 Waitangi Tribunal, chombo kinachosikiliza madai yatokanayo na mkataba wa mwaka 1840 kati ya Wamaori na Ufalme wa Uingereza, kilisema lugha hiyo ni hazina ambayo mkataba unailinda. Mwaka 1987 ikawa lugha rasmi kwa sheria. Mtu aliyepita njia yote hiyo akisikia tena mwaka 2023 kwamba lugha yake ikiandikwa juu ya nguzo itasababisha ajali, ana haki ya kuuliza: wewe unaogopa ajali au unaniogopa mimi?

Ninachosema ni kwamba hasira ile, hata kama ni ya haki, haikuwa jibu. Na kukosa jibu kuna gharama. Katikati ya wale wanaoaminika kuwa wabaguzi na wale wanaoaminika kuwa watetezi kuna watu wengi tu wa kawaida: bibi anayeendesha gari usiku na macho yamepungua nguvu, dereva wa lori, mama anayempeleka mtoto shule. Hawa hawana chuki na Kimaori. Walisikia neno "usalama" wakajiuliza. Walipogeuka kutafuta jibu walikuta matusi pande zote. Ukimtukana mtu kwa swali alilonalo moyoni kwa nia njema, hujamshawishi. Umempeleka kwa yule atakayemwambia "mimi nakuelewa".

Tarehe 14 Oktoba 2023 ulifanyika uchaguzi mkuu. National ikashinda, na Simeon Brown yuleyule akawa waziri wa uchukuzi. Taasisi za umma zikaelekezwa kutanguliza majina yao ya Kiingereza, na hata ule wakala ukabadilisha mpangilio, jina la Kiingereza likaenda mbele na Waka Kotahi likafuata nyuma. Sisemi uchaguzi uliamuliwa na vibao. Uchaguzi una mambo mengi, gharama za maisha zikiwemo. Nasema tu kwamba kumwita mtu jina baya hakukumwondoa mezani. Alirudi akiwa na funguo za ofisi.

Sasa turudi nyumbani

Tofauti kubwa kati ya kule na hapa ni hii: kule mpinzani aliuliza, akachekwa, akalaumiwa, akalala nyumbani kwake. Hapa kwetu anayehoji usalama wa jambo la serikali anaweza kuitwa mchochezi, na neno hilo lina kifungu chake cha sheria.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo mnisamehe nikiingia kidogo kwenye vifungu. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinafundishwa kwetu mapema sana: anayedai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Serikali na mashabiki wake wanakipenda kifungu hiki bila hata kukijua. Ukihoji tu, "lete ushahidi!" Sawa. Lakini ushahidi unaletwa kutoka wapi?

Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zinazokusudiwa kubatilisha, kupotosha au kudhalilisha takwimu rasmi. Yaani ukienda wewe na wenzako mkahesabu ajali kwenye kona ya mtaani kwenu, mkapata idadi tofauti na ya serikali, mkaitangaza, mnaweza kujikuta na kesi. Baada ya kelele za ndani na nje, hata Benki ya Dunia ikisema ina wasiwasi, sheria ikarekebishwa tena mwaka 2019. Ilikuwa ushindi, na tusisahau kwamba ulipatikana kwa watu kusema. Lakini woga uliopandwa hauondoki kwa marekebisho ya mwaka mmoja. Wapo watafiti mpaka leo wanaopima maneno yao mara tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu wa kwanza ni huu: huwezi kumwambia mtu "lete ushahidi" huku umefunga kabati la ushahidi na funguo umeweka mfukoni. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa maoni, na inampa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio na mambo muhimu kwa jamii. Barabara ni jambo muhimu kwa jamii. Anayeuliza kama ni salama anatumia haki, hajavunja sheria.

Msimamo wangu wa pili unatuhusu sisi wenyewe, na najua hautapendwa na kila mtu.

Neno "usalama" lina nguvu. Ukilitamka, kila mtu anatega sikio, maana hakuna anayetaka mtoto wake afe. Kwa sababu hiyo hiyo ni neno rahisi kulitumia vibaya. Upinzani wa New Zealand ulikuwa na jambo lingine kabisa moyoni, ukalivika koti la usalama. Na sisi tunajua kulivaa koti hilo. Mradi ukiwa wa serikali tusiyoipenda, ghafla kila nguzo ni hatari na kila daraja litaanguka kesho. Tukifanya hivyo tunawapa wanaotuita wachochezi zawadi ya bure.

Nimejiwekea maswali matatu ya kujipima kabla ya kuandika lolote kuhusu usalama. Nawapa, mkiona yanafaa tuyatumie kama utaratibu wa jukwaa letu.

La kwanza: lipo jibu linaloweza kuniridhisha? Kama hakuna ushahidi wowote duniani utakaonifanya niseme "sawa, nimeelewa", basi sijauliza swali. Nimetoa tamko nikaliwekea alama ya kuuliza mwishoni.

La pili: jibu lililokwisha kutolewa nimelitafuta? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inapewa siku 30. Ni siku nyingi, ndiyo, na maofisa wengine wanazila zote. Lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa ina uzito kuliko chapisho mia moja za hasira.

La tatu: ningeuliza hivihivi kama upande ungegeuka? Kama vibao vingekuwa vya lugha yangu, mradi ungekuwa wa halmashauri tunayoiongoza sisi, mkandarasi angekuwa mtu wetu, swali lingebaki lilelile?

Na kuhusu lugha zetu

Kuna jambo moja ambalo kisa cha New Zealand kinanifundisha kuhusu barabara zetu, ingawa hali si sawa. Kule karibu kila mtu anasoma Kiingereza, kwa hiyo kibao cha Kimaori hakiwekwi ili watu waelewe njia, kinawekwa ili lugha ya wenye nchi ionekane. Hapa kwetu hali ni kinyume. Kiswahili kinaeleweka na karibu kila anayeshika usukani, lakini Kiingereza ndicho hujitokeza mahali pa hatari.

Nimewahi kupita kwenye barabara iliyokuwa kwenye ujenzi, mahali na mkandarasi sitataja, nikakuta neno moja tu juu ya ubao: Diversion. Hakuna mchepuko, hakuna mshale unaoonekana vizuri. Bodaboda aliyekuwa mbele yetu alipita moja kwa moja hadi kwenye rundo la kifusi. Hakuumia, alishuka akasukuma pikipiki kurudi nyuma huku akilaani. Nilipomuuliza akasema alidhani ni jina la kampuni.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulipiga makofi, na ilistahili. Sasa kama hakimu anatakiwa kuniambia kosa langu kwa Kiswahili, kwa nini kibao kinachotakiwa kunizuia nisife kiniambie kwa lugha ambayo dereva wa bodaboda anadhani ni jina la kampuni? Hapo mimi nahoji usalama wa kibao cha lugha moja. Na nikihoji sitaki mtu aniambie kwamba siwapendi wakandarasi wa kigeni, wala sitaki mwenzangu wa chama adakie hapo na kuanza kuwatukana. Nataka jibu la maswali manne: maneno gani, lugha zipi, mistari mingapi, na nani amekihakiki kabla hakijasimikwa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa tawi letu ni dogo na linatekelezeka. Kila mmoja apige picha kibao kimoja cha barabara inayojengwa karibu na anapoishi au anaposoma. Tutakusanya picha hizo, tutaandika barua moja ya maombi ya taarifa kwa mamlaka husika chini ya sheria ya 2016, tutaibandika barua hiyo hapa siku tutakayoipeleka, na tutahesabu siku 30 pamoja na wasomaji.

Jibu likija tutalichapisha lote, neno kwa neno. Likija likisema kwamba vibao vile vilihakikiwa, vilijaribiwa na viko sawa, tutalichapisha hivyohivyo, kwa herufi ukubwa uleule. Najua baadhi yenu hilo litawauma. Lakini siku tutakapoficha jibu kwa sababu limeipendelea serikali, hatutakuwa tena na haki ya kumlaumu yeyote anayetuficha taarifa.

Rasimu ya barua ninayo tayari. Picha zianze kuja.